Mitishamba na Macho ya Mwenye Sukari

Ni chache sana leo nyumba zetu zisizokuwa na mtu mwenye maradhi ya sukari. Akiwa si baba ni mama, na akiwa si mama ni mjomba au shangazi. Na siku hizi hata vijana, ambao zamani tulidhani maradhi haya hayawahusu, wamo. Sisi tunaoandika maneno haya tumo katika hesabu hiyo, na huu ni mwaka wetu wa 11 kuishi na sukari. Kwa hivyo tutakayoyasema hapa si ya mtu aliyesimama ng'ambo akitazama wenzake wakivuka mto. Nasi pia tumo majini.

Mwaka huu tulipokwenda kupimwa macho, tabibu alitutia matone ya kupanua mboni, akatungojesha kitambo, kisha akatazama ndani kwa taa yake. Alipomaliza alituambia kuwa katika macho yetu yote mawili ameona vitone vyekundu vidogo, na kuwa hivyo ndivyo sukari inavyoanza kuingia machoni. Hatukuwa na maumivu yoyote, wala hatukuona upungufu wowote. Tulikuwa tukisoma msahafu na magazeti kama kawaida yetu. Akatutaka tuchunge sukari na presha ya damu, na turudi kwake baada ya miezi 6.

Habari ilipofika nyumbani hazikupita siku mbili. Shangazi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akatuletea chupa ya mafuta ya habasoda na kifurushi cha uwatu, akatuhimiza tuanze usiku ule ule. Kijana wetu anayesoma chuo naye akaja na simu yake, akatusomea kwamba wataalamu wameona kuwa vitu vilivyomo katika manjano, zabibu na vitunguu huzuia uharibifu wa jicho la mwenye sukari. Basi mzee na kijana, ambao ni nadra kukubaliana, siku hiyo walikubaliana kuwa dawa imo katika mimea. Swali likabaki kwetu: je, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, ni kweli kwa kadiri gani? Tumelichunguza jambo hili, tukasoma na kuwauliza wajuao, na leo twapenda kuwaeleza wasomaji tuliyoyapata, kwani twayakini kuwa swali hili halikuulizwa nyumbani kwetu peke yake.

Kwanza yafaa tujue sukari inafanya nini jichoni. Nyuma ya jicho, kwa ndani, mna utando mwembamba uitwao retina. Huo ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Sehemu za mbele za jicho ni mfano wa dirisha, na retina ndiyo mwenye nyumba atazamaye. Utando huu hulishwa na mishipa ya damu myembamba mno. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hudhoofika. Mahali pengine hututumka kama vipovu, mahali pengine huvuja maji na mafuta, na mahali pengine huziba kabisa. Penye kuziba, retina hukosa chakula chake, nayo hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo kazi yake ni kuiamrisha mishipa mipya iote. Mtu angedhani hilo ni jambo jema. Walakini mishipa hiyo mipya ni dhaifu na huota mahali pasipo pake. Ikipasuka, damu humwagika katika ute ulio ndani ya jicho, na mtu akaona kama pazia limeshushwa mbele yake. Baadaye huja makovu, na makovu hayo huivuta retina hata ikabanduka.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2012, iliyokusanya uchunguzi wa nchi nyingi, ilionyesha kuwa katika kila watu 3 wenye sukari karibu 1 ana alama za maradhi haya machoni, na katika kila 10 karibu 1 amekwisha kufikia daraja ya kuhatarisha kuona kwake. Na baya zaidi ni ukimya wake. Jino likioza huuma, na mguu ukitenguka hukataa kukanyaga. Lakini retina haina maumivu. Mtu huweza kukaa miaka akiona vizuri kabisa huku mishipa yake ikivuja, na siku atakayotambua kuwa haoni sawa, aghlabu maradhi yamekwenda mbali.

Sasa tuje kwenye mimea. Wako watu, hasa waliosoma kidogo, ambao wakisikia neno mitishamba hucheka. Hao twawaambia kuwa kicheko chao hakina msingi, na ushahidi ni kidonge ambacho wengi katika wenye sukari hukimeza kila siku, nacho ni metformini. Asili ya habari ya kidonge hiki ni mmea wa Ulaya wenye maua ya zambarau, uitwao kwa jina la kitaalamu Galega officinalis, ambao watu wa huko waliutumia kwa maradhi mbalimbali tangu zamani. Wataalamu walipouchunguza walikuta ndani yake kiini kinachoshusha sukari ya damu, wakakiita galegini. Katika miaka ya 1920 kiini hicho kilijaribiwa kwa wagonjwa, kikaonekana kinashusha sukari lakini kina sumu, kikaachwa. Mwaka 1922 wataalamu wawili wa Dublin, Werner na Bell, walitengeneza dawa ya jamaa moja na kiini kile, ambayo ndiyo metformini, lakini haikutumiwa. Ikapita miaka 35. Mwaka 1957 tabibu wa Ufaransa, Jean Sterne, akatangaza matokeo ya kuwatibia wagonjwa wa sukari kwa dawa hiyo, na Marekani haikuiruhusu itumike ila mwaka 1994.

Twaomba msomaji aitazame vizuri hadithi hii, kwani ina mafunzo mawili na watu hushika moja tu. La kwanza, ni kweli kuwa mmea unaweza kuwa na siri ya dawa, na anayelikanusha hilo anakanusha jambo lililo wazi. La pili, jani lenyewe halikuwa dawa salama. Ilibidi kiini kitolewe, kijulikane sumu yake, kitafutwe ndugu yake aliye mpole zaidi, kipimwe kiasi chake, kisha kijaribiwe kwa watu na kuhesabiwa nani amepona na nani hakupona. Kutoka majani hadi kidonge palikuwa na safari, na safari hiyo ilichukua umri wa watu.

Je, hivi viini anavyovisoma kijana wetu katika simu vimefika wapi katika safari hiyo? Tulitazama kimoja baada ya kimoja. Kiini cha manjano huitwa kurkumini. Cha vitunguu, kwersetini. Cha maganda ya zabibu, resveratroli. Na cha habasoda, timokwinoni. Ni kweli, wala hatusemi ila kweli, kuwa vyote hivi vimejaribiwa katika maabara na vikaonyesha mambo ya kutia tamaa. Huonekana kupunguza ile protini ya VEGF, na kupunguza uvimbe na uharibifu mwingine unaoletwa na sukari katika chembe za mwili. Lakini tukiuliza hayo yameonekana katika jicho la nani, jawabu karibu lote ni moja: katika jicho la panya, au katika chembe zilizokuzwa ndani ya vyombo vya kioo. Majaribio ya wanadamu yapo, walakini ni machache na madogo, na hata leo hakuna kiini cha mmea kilichothibitishwa kuwa chatibu retina ya mwenye sukari.

Huenda msomaji akasema, panya na mtu wote ni viumbe wenye damu na macho, basi kuna tofauti gani? Tofauti ni nyingi. Panya wa maabara aghlabu hupigwa sindano ya dawa inayoua chembe za kongosho zitengenezazo insulini, akapata sukari kwa siku chache, na akapewa kiini cha mmea mapema, pengine siku zile zile. Sisi wanadamu huugua kwa miaka 10 na 20, na tunapogundua, uharibifu umeshaanza. Tena jicho la panya mwenye sukari kwa kawaida halifikii ile daraja ya mwisho ya kuota mishipa mipya na kumwaga damu, ambayo ndiyo huwapofusha watu wetu. Na kiasi anachopewa panya, ukikipima kwa uzito wa mwili, ni kikubwa mno. Unga wa manjano tunaoutia katika mchuzi una kurkumini kiasi cha sehemu 3 tu katika 100, na hicho kidogo nacho utumbo haukipokei vizuri, na ini hukibadilisha upesi kabla hakijafika popote. Baada ya hayo kipo kizuizi kingine, kwani retina ina ukuta wake unaochagua nini kiingie kutoka katika damu na nini kisiingie.

Jambo hili la mnyama na mtu si uvumbuzi wa watu wa leo. Sheikh Ar-Rais Abu Ali Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufa mwaka 1037, katika kitabu chake cha Al-Qanun fi at-Tibb aliweka masharti ya kuijaribu dawa kabla ya kuiamini. Miongoni mwake, dawa iwe safi isiyochanganyika na kitu. Ijaribiwe juu ya ugonjwa mmoja, si juu ya magonjwa yaliyochanganyikana. Nguvu yake ilingane na nguvu ya ugonjwa. Na matokeo yake yarudi mara kwa mara, kwani jambo lililotokea mara moja laweza kuwa limesadifu tu. Na sharti la mwisho ni kuwa jaribio lifanywe katika mwili wa mwanadamu, kwa sababu dawa iliyojaribiwa kwa simba au kwa farasi huenda isiwe na ushahidi wowote juu ya mtu. Miaka elfu moja imepita tangu maneno hayo yaandikwe, na mtu akiyachukua leo akayaweka juu ya habari za viini vya mimea na macho, yatamtosha kuwa mizani.

Na mizani hiyo imekwisha kupima jambo moja lililo karibu na habari yetu. Huko Marekani, Jin Kinoshita na wenzake walichunguza kwa nini lenzi ya jicho la mwenye sukari hupata mtoto wa jicho. Waliona kuwa kimo katika lenzi kimeng'enya kiitwacho aldosi ridaktesi, ambacho hugeuza sukari kuwa kitu kingine kiitwacho sorbitoli, nacho kikijaa huivimbisha lenzi na kuitia ukungu. Mwaka 1975 walitangaza kuwa viini fulani vya mimea hukizuia kimeng'enya hicho. Mwaka 1977 wakatangaza kuwa kimoja cha viini hivyo, kwersitrini, ambacho ni ndugu wa kiini cha vitunguu, kimechelewesha mtoto wa jicho katika mnyama mdogo wa Chile, afananaye na panya, aliyekuwa na sukari. Habari njema kama hiyo ilileta matumaini makubwa. Wataalamu wakatafuta dawa zenye nguvu zaidi za kufanya kazi ile ile, na moja katika hizo, sorbinili, iliyotengenezwa maabarani, ikafanya vizuri katika wanyama. Kisha ikapelekwa kwa wanadamu, watu karibu 500 wenye sukari, nusu wakipewa dawa na nusu wakipewa kidonge kitupu, kwa zaidi ya miaka 3. Mwaka 1990 matokeo yakatolewa: retina za waliopewa dawa hazikutofautiana kwa jambo la maana na za wale wasiopewa, na baadhi yao dawa iliwaletea madhara ya mzio.

Hatusimulii haya ili kuwavunja watu moyo. Twayasimulia ili ijulikane kuwa kati ya mnyama na mtu pana mto, na si kila kilichoogelea ng'ambo ile hufika ng'ambo hii.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililotutia simanzi, na ndilo lililotufanya tuandike. Tunaye ndugu yetu wa ukoo, fundi wa cherehani, ambaye alikuwa akitunga uzi katika tundu ya sindano bila ya miwani na watoto wakimtazama kwa mshangao. Naye alikuwa na sukari. Akaja mtu akamuuzia chupa ya dawa ya mitishamba, akamwambia kuwa inasafisha macho ya wenye sukari, na kwamba asiende tena hospitali wala asimeze vidonge, ili dawa mbili zisigombane mwilini. Fundi wetu aliamini, kwani muuzaji alizungumza kwa upole, naye daktari wa macho alikuwa mbali. Ikapita miezi 18. Asubuhi moja aliona kama masizi yanaelea mbele ya jicho la kulia, na kufika alasiri jicho lote likawa giza. Matabibu waliwahi kuliokoa la kushoto kwa leza. La kulia halikurudi. Leo anauza nyuzi na vifungo, na kushona anashona binti yake.

Twataka ieleweke vizuri tunalolisema. Hatujui ndani ya chupa ile mlikuwa na nini, na yawezekana ilikuwa maji na majani yasiyo na dhara. Kilichompotezea jicho ni ile miezi 18 iliyopita bila ya kutazamwa wala kutibiwa. Hii ndiyo hatari kubwa ya dawa isiyothibitishwa katika maradhi ya kimya: hata isipokuwa na sumu, hula wakati, na mishipa ya jicho hukuta imepewa nafasi ya kuendelea na kazi yake.

Nao wakati una thamani kwa sababu yapo mambo yaliyothibitishwa, yaliyopita katika masharti yote ya mizani. La kwanza ni kuchunga sukari yenyewe. Mwaka 1993 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu 1,441 wa Marekani na Kanada, wenye sukari ya aina ya kwanza, ile inayohitaji insulini tangu mwanzo. Wale ambao macho yao yalikuwa bado salama na wakachunga sukari kwa bidii, hatari ya kuanza maradhi ya retina ilipungua kwa sehemu 76 katika kila 100, ikilinganishwa na wenzao waliotibiwa kwa desturi ya siku zile. La pili ni presha ya damu. Uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998, juu ya watu wenye sukari ya aina ya pili ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, ulionyesha kuwa walioshushwa presha kwa ukamilifu walipungukiwa na kuharibika kwa retina kwa kiasi cha theluthi moja.

La tatu ni leza. Uchunguzi ulioanzishwa Marekani mwaka 1971, uliokusanya wagonjwa zaidi ya 1,700, ulionyesha kufikia mwaka 1976 kuwa kuichoma retina kwa mwanga katika daraja ile ya mishipa mipya kulipunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu. Na la nne ni sindano za kuzuia ile protini ya VEGF, ambazo leo hutumika hasa pale katikati ya retina panapovimba kwa maji. Twajua kuwa wengi wakisikia sindano jichoni mwili huwasisimka, na wengine husema hilo ni jambo la kigeni. Hao wakumbuke kuwa Ammar bin Ali al-Mawsili, tabibu Mwislamu aliyefanya kazi Misri kiasi cha miaka elfu iliyopita, aliandika namna ya kutoa mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu, akimfyonza nje. Matabibu wa kale walijua mitishamba, na walijua sindano pia. Kila moja waliitumia mahali pake.

Basi tulimjibuje shangazi yetu? Hatukumrudishia kifurushi chake, kwani alichotuletea ni mapenzi kabla ya kuwa dawa, na uwatu ni chakula tulichokulia. Tulimwambia kuwa uwatu utaingia chunguni, na manjano na vitunguu havitatoka humo, na mboga za majani zitazidi na wali utapungua. Na chupa ya habasoda tutamwonyesha tabibu kwanza. Tukamweleza kuwa tarehe ya kurudi kwa daktari wa macho haisogei hata kwa siku moja. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama yeye naye, ambaye ana sukari na hajapimwa macho hata mara moja, aweza kwenda pamoja nasi. Tukasema ndiyo, na tumemwandikisha.

Kwa wasomaji wetu wenye sukari, au wenye kuwauguza walio nayo, twapenda kuyaweka mashauri haya kwa ufupi. Mwenye sukari ya aina ya pili apimwe macho kwa kupanuliwa mboni pale pale anapojulikana kuwa nayo, kwani huenda amekaa nayo miaka bila ya kujua. Na mwenye sukari ya aina ya kwanza apimwe isipite miaka 5 tangu kuugua. Baada ya hapo apimwe kila mwaka, au kwa kadiri atakavyoambiwa. Mwanamke mwenye sukari akishika mimba asingoje mwaka, maana mimba huweza kuyaharakisha maradhi haya.

Anayetumia mitishamba asimfiche tabibu wake. Uwatu na karela huweza kushusha sukari, na vikichanganyika na insulini au na baadhi ya vidonge, sukari yaweza kushuka mno hata mtu akaanguka. Asinunue unga au maji yasiyojulikana yamo nini, kwani katika nchi mbalimbali zimepatikana dawa zilizoitwa za mitishamba kumbe zimetiwa kwa siri vidonge vya hospitali vya kushusha sukari. Asiache dawa zake kwa neno la muuzaji. Na kila anayesema kwamba dawa yake haikai pamoja na kupimwa, huyo ametoa ushahidi juu ya nafsi yake.

Tena asithubutu mtu kutia maji ya majani, maziwa, asali wala mafuta ndani ya jicho. Retina iko nyuma, na kilichotiwa mbele kwa namna hiyo hakiifikii. Kinachofikiwa ni kioo cha jicho. Uchunguzi uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa katika wagonjwa waliokuwa na vidonda vya kioo cha jicho, robo walikuwa wametia dawa za kienyeji machoni. Mtu aliyekuja kutafuta tiba ya maradhi ya nyuma asije akaharibikiwa na mbele.

Na nyinyi vijana, neno letu kwenu ni la namna nyingine. Kijana wetu alipoona kuwa tumemweleza habari za panya, alidhani tumemfungia mlango. Tukamwambia kuwa tunaufungua. Ikiwa mwarobaini, mlonge, habasoda na uwatu vina siri ndani yake, siri hiyo haitatolewa kwa kusifiwa barazani wala kwa kusambazwa katika simu. Itatolewa na mtu aliyesoma kemia na hesabu na tiba, aliyekubali kungoja miaka, na aliye tayari kusema wazi siku ambayo dawa aliyoipenda imeshindwa. Ibn al-Baytar, aliyezaliwa Malaga na kufa Damascus mwaka 1248, alisafiri nchi nyingi akiitafuta mimea mwenyewe, na akaandika kitabu chenye habari za dawa na vyakula kiasi cha 1,400. Kazi yake aliifanya kwa miguu na macho yake, hakutosheka na kusikia. Kwa nini asitoke mmoja wenu akaendeleza palipobakia? Maradhi yapo, mimea ipo, na maabara zipo katika vyuo vyetu. Linalotakiwa ni mtu mwenye subira na ukweli.

Lakini mpaka siku hiyo ifike, wazazi wenu wasingoje. Mchukueni baba yenu, mchukueni mama yenu, mwende naye akapimwe, mumshike mkono wakati wa kurudi maana mboni zake zitakuwa zimepanuka na jua litamsumbua. Saa chache za usumbufu huo ni bei ndogo kwa miaka ya kuziona nyuso za wajukuu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu na ya wazee wetu, awape shifaa wanaougua, na awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa. Amin.